Chelezo cha Watu Watano

Juzi fundi alinishushia mianzi ya kujengea ua, mibichi bado, na harufu yake ikanirudisha kambini hata kabla sijamkaribisha chai. Kama nawe uliwahi kwenda kambi ya vijana wa kanisa kule ufukweni likizo ya Juni, huna haja ya kuelezwa: uji wa mtama unaonuka moshi, nyimbo kabla jua halijachomoza, na maharage ambayo mpishi aliapa kuwa ameyachambua.

Mwaka ule mwalimu wa kambi alituletea mianzi na kamba za katani, akatugawa sita sita tuunde vyelezo vya kushindana hadi kwenye jiwe kubwa ziwani na kurudi. Kundi letu lilikuwa la wasichana. Wanne walitoka kwenye nyumba zenye magari, wananukia sabuni. Wa tano alikuwa jirani yangu wa Igogo, binti wa mama muuza mapanki, yaani mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki viwandani minofu ikishapanda ndege. Wa sita mimi.

Sisi tulijua kuimba tu. Yeye ndiye aliyejua kufunga. Alipiga goti juu ya mwanzi, akakaza kamba kwa meno, akatuamuru, "Shikeni hapa, msilegeze." Siku tatu, viganja vikamchubuka. Wala hakulalamika, maana mama yake alikuwa ameahidi kuja siku ya mashindano, na yeye alitaka aonwe akiwa majini. Aliniambia hivyo kila tulipokwenda kuteka maji, mpaka nikamchoka.

Siku yenyewe tulipojaribu kupanda wote, chelezo kilizama hadi magotini. Mwalimu akacheka. "Kinabeba watano. Amueni wenyewe."

Tukatazamana. Nikaogopa kuwa nitaachwa mimi, basi nikawahi.

"Aachwe huyu. Ananuka mapanki."

Wale wanne wakacheka mpaka wakashikana mabega. Sasa nikwambie jambo ambalo wao hawakulijua. Baba yangu alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani Nyakato, na mboga yetu karibu kila siku ilikuwa mapanki hayo hayo, na aliyetuletea mlangoni ni binti huyo huyo. Neno lake moja lingeniumbua. Yeye akaokota kandambili zetu, akaenda kukaa nazo mchangani.

Tulishinda. Hakuna fundo hata moja lililolegea. Tulipokaribia ufukwe tukirudi nikamwona mama yake amefika, kavaa kitenge chake cha ibada, anatupigia vigelegele huku akimtafuta binti yake uso mmoja mmoja. Binti akamvuta mkono, akamwambia, "Mimi nimeshapanda, mama. Umechelewa kidogo."

Nilipokanyaga nchi kavu nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akanishika kichwa na kunishukuru kwa kumtunza mwanawe kati ya watoto wa watu.

Kambi ilikufa siku nyingi. Ufukwe ule umezungushiwa ukuta wa hoteli, na jiwe letu wageni wanalipiga picha. Mama yule tulimzika miaka michache iliyopita. Msibani binti yake aliinuka kwenye mkeka, akanipisha nikae, akaniita dada mbele ya watu wote.

Afadhali angenitemea mate.