Shikanga Akatazwa Kukimbia

Mwaka wa 1994, Shikanga wa Malinya alianza kusimama katikati ya kilima kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Hakuwa amesahau chochote. Kifua kilikuwa kimembana na mkono wa kushoto umekuwa mzito. Akitulia kidogo maumivu yaliisha, akaendelea na safari bila kumwambia mtu.

Fahali wake aliogopwa Ikolomani nzima. Siku ya pambano la mafahali, Shikanga ndiye aliyemtangulia mbio uwanjani, ngoma za isukuti zikilia. Kisha siku moja mkewe, Navalayo, akamkuta ameshikilia ua wa boma, midomo imekuwa ya kijivu. Akampeleka mjini Kakamega.

"Inakujanga nikipanda mlima tu," Shikanga alimweleza Daktari Kiplagat. "Nikipumzika inaenda."

"Mishipa ya moyo wako imekuwa myembamba, mzee. Tembe peke yake hazitoshi. Wacha sigara. Punguza mafuta na chumvi. Kila siku tembea polepole mahali tambarare, ukibanwa usimame. Na kukimbia na fahali, basi. Lakini ikikushika ukiwa umekaa tu, usingoje. Kuja hapa mara moja."

Sigara alizitupa chooni. Kila asubuhi alitembea hadi sokoni, Navalayo akimfuata kwa mbali, akijifanya anatafuta kuni. Miezi ikapita, na siku moja akapanda kilima bila kusimama. Alicheka peke yake kule juu. Navalayo hakucheka.

Pambano lilipofika, alimkabidhi mdogo wake Osiako kamba ya fahali, akabaki nyumbani. Ngoma zilipita barabarani. Vidole vyake vikazifuatisha juu ya goti, halafu vikaacha.

"Baba Awinja, ni nini?" Navalayo akauliza, akimwita kwa jina la mtoto wao.

"Hakuna kitu."

Alikuwa amekaa kivulini, na jasho lilimtiririka shingoni.

Navalayo alikimbia barabarani akasimamisha pikapu ya miwa, wakampandisha. Njia nzima Shikanga alinung'unika kwamba wanamkosesha pambano, sauti ikififia kila walipopita kona.

Alirudi hai. Daktari alisema sasa ni kupasuliwa, na upasuaji ulikuwa Nairobi, kwenye foleni isiyosogea. Aliendelea na matembezi yake, mafupi zaidi. Fahali alikuwa ameshinda, lakini Shikanga hakwenda zizini kumtazama.

Jioni Navalayo akisonga obusuma, ugali wao, humwita mumewe. Akichelewa kuitika, mwiko husimama ndani ya sufuria.