Masale Kati ya Nyanya

Nyanya ndogo sijawahi kuzipenda, isipokuwa aina moja nitakayoitaja. Nasema mapema nisije nikashutumiwa kwamba naandika kwa upendeleo. Nina genge la mboga mjini, mtaa wa Pasua, na mteja wa Pasua anataka nyanya inayojaza kiganja, ya kuunga mchicha mzima. Ukimwonyesha nyanya ya ukubwa wa zabibu anakuuliza kwa nini umeichuma kabla haijakua. Kwa hiyo dada yangu aliponiambia atalima nyanya ndogo, tena aina nne kwa mpigo ili azilinganishe, nilimjibu kwamba mchagua jembe si mkulima.

Dada yangu ana tabia ya kukuachia maneno yako mpaka uyachoke mwenyewe.

Alikuwa amerudi nyumbani kutoka kwenye ndoa, mtu mzima, bila kelele na bila kumsema mtu. Kwetu binti akirudi anapokelewa, anapewa kitanda na bakuli la mtori wa ndizi, lakini ardhi ni habari nyingine. Baba alipofariki, kihamba cha juu, yaani shamba la nyumbani lenye kahawa na migomba, kilibaki kwa mama, na shamba la chini, huku tambarare karibu na Kwa Sadala, likawa la kaka yetu mkubwa. Kaka ni mpishi wa wageni wanaopanda mlima, kwa hiyo shambani haonekani mara nyingi. Alimpa dada ukanda mmoja, ule unaopakana na mfongo, yaani mfereji wetu wa maji, akamwambia alime msimu mmoja. Baada ya hapo kulikuwa na mtu wa vitunguu aliyetaka kuukodi. Kaka hakusema hivyo kwa ubaya. Kama nyanya zingekubali, labda angefikiri upya. Zisipokubali, dada angebaki na kitanda chake kwa mama na jembe lisilo na pa kulimia.

Hakuchagua nyanya ndogo kwa kufuata mkumbo. Mahoteli ya mjini na wapishi wa mlimani walikuwa wanazitafuta kwa ajili ya wageni, na nyingi zilikuwa zinatoka Arusha. Wanawake wanaolima kando ya mfongo walishajaribu, kila mmoja na mbegu yake aliyoshauriwa dukani, na kila mmoja akaumia kivyake. Mmoja zilimpasukia kwa mvua ya kwanza. Mwingine zilikubali vizuri, kisha zikaiva zote kwa pamoja akabaki anagawia majirani na kuku. Walikuwa wamekaribia kurudi kwenye mahindi wakati dada alipowakuta kwenye mfongo siku ya kusafisha mfereji.

"Nipeni maji kidogo kutoka kwenye zamu zenu," aliwaambia. "Nitazipanda zote pamoja, udongo mmoja, samadi moja, mkono mmoja. Itakayofaa nitawaambia, na zisizofaa nitawaambia pia."

Wakakubali. Maji ya mfongo kwetu hayatolewi kwa mzaha, watu wameshagombana mpaka kwa mchungaji kwa sababu ya zamu. Nilipoona wale kina mama wanamkatia dada yangu kila mmoja kipande cha zamu yake, nilijua wanamwamini kuliko nilivyomwamini mimi, na roho iliniuma kidogo.

Aina tatu alizinunua duka la pembejeo: moja nyekundu ya duara, moja ya njano yenye umbo la tone, na moja ndefu kidogo kama tende. Ya nne ilikuwa ya mama. Nyuma ya zizi la ng'ombe, kule juu kihambani, kuna nyanya ndogo zinazojiotea tangu kabla sijazaliwa. Hakuna aliyewahi kuzipanda. Tulizila tukitoka shule, zikiwa na joto la jua, na zilikuwa na utamu wenye ukali kidogo mwishoni, wa kukufanya uchume nyingine kabla hujameza ya kwanza. Hiyo ndiyo aina niliyosema. Niliamua tangu siku ya kwanza kwamba ndiyo itakayoshinda, na nilikuwa tayari kugombana na yeyote.

Sasa ikaja shida ya alama. Ukipanda aina nne kwa mistari, lazima ujue ipi ni ipi hata mtu mwingine akija kuchuma. Vijiti vya kawaida huliwa na mchwa, au huokotwa vikawa kuni. Dada akapanda mpaka kihambani, akakata matawi ya masale, akashuka nayo kichwani, akayachomeka kati ya aina moja na nyingine, kila mstari umenyooka toka juu mpaka chini. Mbuzi hawayali. Mtu hayang'oi, maana masale ndiyo mmea wetu wa mpaka, na tangu utotoni tunafundishwa kwamba anayeng'oa masale ya mwenzake anajitafutia laana. Niliona ni akili kubwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri zaidi ya hapo.

Msimu ulipokolea nilianza kushuka kila nilipofunga genge mapema, kwa kisingizio cha kusaidia. Ukweli ni kwamba nilipenda kumwangalia. Alikuwa akiondoa machipukizi ya pembeni kwa kucha, mche baada ya mche, huku anazungumza na mimi kuhusu mambo mengine kabisa. Aligeuza kila jani kutafuta kantangaze, yule mdudu aliyewaliza wakulima wa nyanya nchi nzima, na akimkuta hakulaani kama mimi ninavyolaani. Alimminya, akajifuta kwenye kitenge, akaendelea. Siku moja nilichota kopo la maji nikaongezea mistari ya mama, nikidhani ameinama upande wa pili.

"Ya mama umeipa kopo," alisema bila kuinua kichwa. "Sasa zipe na zingine."

Nikachota na kumwaga mpaka mgongo ukakataa. Jirani mmoja aliyekuwa akisubiri zamu yake alicheka mpaka akakaa chini.

Zilipoanza kuiva nilielewa kwa nini alitaka udongo mmoja na mkono mmoja. Ile ya duara ilikuwa inang'aa kama imepakwa mafuta, lakini kila asubuhi baada ya manyunyu ungekuta kadhaa zimechanika begani. Ya njano ilizaa vishada mpaka mti ukalala, na utamu wake ulikuwa wa maji matupu. Ndefu ilichelewa, ikaniudhi, na ilipoiva ilikuwa na ganda gumu na ladha isiyosema lolote mpaka uitie chumvi. Ya mama ilikuwa ya mama. Wale wanawake walikuja, wakaonja, wote wakanyoosha kidole kwenye mistari ya mama. Nilijisikia kama mimi ndiye niliyeizaa.

"Bado," dada akawaambia. "Mnaonja shambani. Mteja yuko mbali."

Wiki hiyo ndipo kaka aliposhuka kutoka mlimani. Masale nayo hayakuwa yamekaa bure. Ni mmea ambao ukiuchomeka tu unashika, na kwa maji ya mfongo yalikuwa yametoa majani mapya, marefu, ya kijani kilichokolea, mistari iliyonyooka katikati ya shamba la baba. Kaka aliyaona toka barabarani. Mimi nilikuwa nimeshika sado ya nyanya, kile kindoo chetu cha kupimia, na nilipomwona anavyotembea nikaiweka chini.

"Shikamoo kaka," dada alisema.

Hakuitikia. Kwetu mtu asipoitikia shikamoo ya mdogo wake, ujue amefika mbali.

"Nani amekupa ruhusa ya kugawa shamba la baba?"

Hapo ndipo tulipoelewa mimi na dada kwa pamoja. Mwanamke aliyerudi kutoka kwenye ndoa, amepewa ukanda wa msimu mmoja, halafu anapanda masale ndani ya shamba la kaka yake: hata mtoto wa darasa la kwanza wa kwetu angesoma hilo kama dai la ardhi. Mimi damu ilinipanda. Nilianza kumwambia kaka maneno ambayo siyaandiki hapa, kuhusu watu wanaopikia wageni wakaacha ndugu zao na njaa. Dada alinigusa mkono nikanyamaza.

"Kaka, mpaka ni mmoja," alisema. "Tembea hapa uhesabu mistari hii ni mingapi."

Alimtembeza. Akamwonyesha mstari wa kwanza wa masale na nyanya zilizokuwa upande huu na upande ule, kisha wa pili, kisha wa tatu. Kila walipofika kwenye aina mpya alimchumia moja na kumpa mkononi. Kaka alikula kwa sababu ni mpishi, na mpishi hawezi kushika kitu cha kuliwa asikionje hata akiwa na hasira. Kufikia mistari ya mama uso wake ulikuwa umeanza kulegea.

"Hii ya nyuma ya zizi," alisema.

"Ndiyo hiyo."

Alisimama akatafuna. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu ambaye bado hajashindwa, kwamba alama ni alama na masale ni masale, na akirudi safari ijayo asiyakute. Dada akaitikia kwamba hatayakuta. Halafu akamwomba jambo moja: azibebe nyanya zote nne mlimani, azitazame njiani, amletee habari.

Walifungasha pamoja, na hiyo asubuhi sitaisahau. Kila aina ilichumwa na kikonyo chake, ikawekwa kwenye sado yake, tabaka la nyanya na tabaka la majani makavu ya migomba. Nilitaka ya mama iwekewe majani mengi zaidi, maana ganda lake ni laini. Dada alikataa. Nilimwambia kwamba anampeleka mama kwenye mashindano akiwa amefungwa miguu. Akaniambia wale wanawake wakifungasha watafungasha hivihivi, na mpagazi hatajua ipi ni ya mama. Nilikasirika kweli, na nilipokuwa nimekasirika nilimheshimu kuliko siku zote. Ukanda wake wa ardhi ulikuwa kwenye hizo sado, utoto wake ulikuwa kwenye mojawapo, na hakuipendelea hata kwa jani moja la mgomba.

Kaka aliporudi alikuja moja kwa moja shambani, na safari hii yeye ndiye aliyesalimia kwanza. Wanawake wa mfongo walikuwepo, maana walikuwa wanamsubiri kama wanavyosubiri matokeo ya mtihani. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akatoa habari. Ya mama ilikuwa uji kambi ya kwanza. Aliipika supu, na wageni wakamwomba tena siku iliyofuata wakati haipo tena. Ya duara ilipasuka kabla ya nusu ya safari. Ya njano ilibaki nzima lakini baridi iliilegeza, wageni wakaisukuma pembeni ya sahani. Ile ndefu, alisema, ilifika naye kambi ya mwisho, kule ambako hata maji yanaganda kwenye kikombe, akaikata mbele ya wageni, ikatoa sauti.

"Hiyo nitaichukua kila safari," kaka alisema. "Na wenzangu wataichukua."

Dada akawageukia wale wanawake. "Pandeni ndefu. Pandeni kwa kupishana, wiki hii mmoja, wiki nyingine mwingine, isiwe zote zinaiva kwa pamoja. Ya mama msipande ya kuuza."

Alisema hivyo bila kutetereka, nami machozi yakanitoka kwa nyanya, mtu mzima mwenye genge. Jioni tulipanda kwa mama, dada akamweleza kwamba nyanya yake ndiyo tamu kuliko zote na ndiyo iliyoshindwa. Nilikuwa namwangalia mama kwa wasiwasi. Mama alicheka.

"Hiyo niliwaachia nyie," alisema. "Sikuiacha ipande mlima."

Siku iliyofuata dada alianza kuyang'oa masale kama alivyoahidi. Aliyang'oa taratibu, mizizi na yote, akayapanga pembeni akayafunga kwa kamba ya mgomba. Kaka alikuwa ameshuka na jembe, nikadhani amekuja kuhakikisha. Nilikuwa nimeshaandaa maneno yangu. Aliuchukua ule mzigo, hakuelekea barabarani kuutupa kama nilivyofikiri. Alienda mpaka pale ukanda wa dada unapoishia na shamba lake linapoanzia, akachimba shimo, akapanda sale la kwanza. Kisha akapiga hatua chache akachimba lingine. Wale wanawake waliokuwa wanasubiri maji waliacha kuongea, kwa sababu masale yakipandwa na mwenye shamba mwenyewe, mchana, majirani wakiona, hakuna mtu wa vitunguu wala mtoto wa kesho atakayekuja kuuliza ukanda ule ni wa nani.

Alifanya hivyo toka mfongo mpaka barabarani, bila kutuangalia. Alipomaliza alijifuta jasho akamwambia dada kwamba lile la mwisho limekaa upande kidogo, alirekebishe akipata nafasi.

Dada, ambaye sikuwahi kumwona akilia siku aliyorudi nyumbani wala siku yoyote baada ya hapo, alitembea mpaka kwenye mfongo akafungua maji. Yalikuwa ya kile kipande cha zamu alichokatiwa na kina mama, na nyanya zilikuwa zinayahitaji. Akayaelekeza kwenye masale.

"Dada, masale hayahitaji maji," nilimwambia. "Yanashika popote."

"Najua," alisema, akaendelea kuyamwagilia, moja baada ya lingine, mpaka barabarani.