Nani Anamwogesha Rashidi

Watu wa Magomeni yetu hii ya kusini wanasema Bi Somoe ni mwanamke katili, na mimi ninayepakana naye ukuta kwa ukuta siwezi kuwapinga. Ni katili kweli. Nimewahi kumwona akimtoa nje mgeni aliyekuja kumpa pole ya msiba, kisa ameingia ndani na viatu. Lakini ukatili wake una kanuni, kwa sababu yeye ndiye nyakanga wetu. Wasichana wa mtaa huu, na wa Mpapura alikozaliwa, wamepita mikononi mwake katika unyago. Yeye ndiye huwafunda namna ya kukaa na mume na namna ya kukaa na wakwe. Mkwe hatazamwi machoni, huwaambia, haulizwi amekula nini, na habari za mwili wake hazitajwi hata kwa mafumbo. Mimi mwenyewe nilifundwa hivyo, na nilifinywa kwa kuchekacheka.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyepewa Rashidi.

Rashidi ni mume wa Zainabu, binti wa pekee wa Bi Somoe. Alioa akahamia kwa mkewe, kama Wamakonde wengi wanavyofanya, na hapakuwa na neno, maana alikuwa mchapakazi. Alipakia korosho katika ghala la Fazal. Msimu wa mwaka juzi magunia yaliyopangwa hadi juu yaliporomoka yakampiga shingoni. Hakufa, na miguu ilipona. Mikono ndiyo haikupona. Ukimwona barabarani anatembea utasema mzima, mpaka uangalie ile mikono inavyoning'inia. Hawezi kushika kijiko, hawezi kufunga msuli, hawezi kujisafisha akitoka chooni.

Fazal simpendi, ila haki yake nampa: alikuwa amewaandikisha vibarua wake kwenye mfuko wa fidia. Basi Rashidi alipimwa na daktari, akapewa asilimia yake ya ulemavu, na kwa asilimia hiyo pamoja na mshahara wake wa zamani akapangiwa malipo ya kila mwezi. Yalitosha chakula. Lakini kulikuwa na malipo mengine ya nyongeza, ya mtu wa kumhudumia, na kwa hayo swali lilikuwa jingine kabisa: je, mgonjwa anaweza kula, kuoga, kuvaa na kwenda chooni bila kushikwa na mtu? Akiweza, hapati. Asipoweza, anapewa fungu la kumlipa msaidizi.

Fungu hilo lilikuwa roho ya nyumba ile, na nitasema kwa nini, maana wenyewe hawakuwa wakisema. Zainabu anabangua korosho kiwandani. Anatoka alfajiri baada ya kumwogesha mumewe, anarudi jioni anamwogesha tena. Ndugu za Rashidi wako kijijini Ziwani, na huonekana mjini Ramadhani wakati wa futari. Mpwa wake Mussa alikubali kuja kumhudumia mjomba wake mchana kutwa, lakini Mussa anaendesha bodaboda, na alisema wazi kwamba hawezi kuacha pikipiki akalipwa dua. Simlaumu. Kwa hiyo mchana Rashidi alibaki na mama mkwe.

Siku moja tumbo lilimharibika. Nilikuwa uani naanika muhogo. Nilimwona Bi Somoe anatoka na ndoo ya maji, anasimama kwenye mlango wa bafu, anajifunika uso mzima kwa kanga, kisha anaingia kwa kupapasa. Sikusikia neno mle ndani, ni maji tu. Alipotoka alipita mbele yangu na ile kanga bado usoni, nami nikajifanya nageuza muhogo. Baada ya hapo ikawa kawaida. Ndoo, kanga, kimya. Mtaa mzima ulijua, na mtaa unaosema mpaka rangi ya pazia la jirani ukafunga midomo. Lilikuwa jambo zito kuliko umbeya.

Mfuko ukamtuma afisa nyumbani, binti anayeitwa Raheli, mtu wa bara, mpole, na kwa upole wake akaharibu kila kitu. Bi Somoe alipoona mkeka umetandikwa alitaka kwenda jikoni. Raheli akamwinukia.

"Hapana mama, kaa na sisi. Nyumba ni yako, siwezi kuzungumza na wanao wewe uko jikoni."

Nani angemwambia mgeni kwamba amekosea? Bi Somoe akakaa ukingoni mwa mkeka, akaangalia ukuta. Rashidi naye akaangalia mlango. Mimi nilikuwa nimeleta chai, nikabaki kwenye kizingiti, kwa sababu nina roho ya kupenda kujua.

"Kaka Rashidi, kula unakula mwenyewe au unalishwa?"

"Nakula mwenyewe."

"Kuoga?"

"Mwenyewe."

"Na chooni?"

Mbele ya mama mkwe, mbele ya yule nyakanga, mwanamume yule angekubali kuchinjwa kuliko kujibu swali lile.

"Dada, si unaniona natembea? Naenda mwenyewe, narudi mwenyewe. Sina shida."

Zainabu aliinamisha kichwa. Mke hamkatizi mumewe mbele ya mgeni. Hilo pia tumefundwa na huyohuyo Bi Somoe. Raheli akaandika kama alivyoambiwa. Alipoondoka niliwaka. Nilimwambia Zainabu mumewe ni mpumbavu, amechukua mkate akautupa chooni. Zainabu akanijibu niende kwangu.

Majibu yakaja: nyongeza haikukubaliwa, mhusika anajimudu. Siku ile Rashidi alikataa kula. Na mchana wake, kama kawaida, ndoo ikatoka jikoni.

Zainabu ndiye aliyeomba tathmini irudiwe, bila kumuuliza mumewe, na walipojua waligombana mpaka nikasikia sufuria zikiruka. Wakaitwa katikati ya mji, kwenye ofisi yenye feni na meza ndefu, mbele ya daktari na Raheli. Waliambiwa waje na mtu anayeshinda na mgonjwa. Kwa hiyo Bi Somoe alikwenda, na mimi nikaenda kama jirani, ingawa hakuna aliyenialika.

Safari hii Zainabu alijikaza. "Daktari, mume wangu alisema vile kwa haya. Mimi ndiye ninayemlisha, ninayemwogesha, ninayemvalisha."

Daktari alikuwa mzee makini. Alifungua faili.

"Unafanya kazi kiwandani?"

"Ndiyo."

"Unatoka saa ngapi, unarudi saa ngapi?"

Akajibu.

"Sasa mchana wote huo, akihitaji choo, nani anamsaidia?"

Zainabu alikuwa ameliona shimo tayari yumo ndani. Daktari akamgeukia Rashidi.

"Mchana unajimudu?"

"Najimudu," alisema Rashidi. Nilitamani kumpiga.

"Basi asubuhi na jioni mkeo anakusaidia, na mchana unajimudu." Daktari akachukua kalamu.

"Hajimudu."

Ilikuwa sauti ya Bi Somoe. Hakuinua uso, na safari hii hakuwa na kanga usoni.

"Mie ndiye ninayemwogesha mchana. Akichafuka, namsafisha mie. N'namtawaza kama mtoto. Huyo mkwe wangu hawezi hata kujifunga nguo."

Raheli alifunika mdomo kwa mkono. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alielewa alichokifanya siku ya mkeka. Rashidi aliinuka. Alitaka kutoka, lakini mlango ulikuwa umefungwa na kitasa ni cha kuzungusha, na mikono ile haikuweza. Alisimama ameukabili mlango, mgongo umetugeukia, mpaka daktari mwenyewe akaja akamfungulia. Hapakuwa na haja ya kipimo kingine.

Nyongeza ikakubaliwa. Nilidhani watachinja kuku. Siku fedha ilipoingia, Mussa alikuja na gari la kukodi. Kumbe Rashidi alishakubaliana naye kwamba atamhudumia Ziwani, kwa ndugu zake, na Mussa aliona afadhali, maana kule hata shamba la kulima lipo. Rashidi alipita uani akanisalimia mimi. Bi Somoe alikuwa hatua chache tu, anachambua mchele, na hakumsemesha. Zainabu akafunga nguo zake akamfuata mumewe. Kazi ya kiwandani akaiacha. Mlangoni alimwambia mama yake maneno ambayo nikiyakumbuka damu inanichemka.

"Ungeniachia mimi niseme, mama. Ningesema uongo wowote. Sasa atatazama watu kwa macho gani?"

Huyo ni mtoto aliyebebwa tumboni na kunyonyeshwa. Fedha iliyomkomboa mumewe imetoka kinywani mwa mama yake, na nyumba ya Bi Somoe haikuona hata kilo ya sukari.

Halafu wakaja wenye mtaa. Waliokuwa wamefunga midomo wakaifungua yote pamoja. Msimu wa unyago ulipofika, wazazi walikwenda kumchukua nyakanga mwingine Mikindani. Eti atawafundaje wanawali heshima ya mkwe, mtu aliyemtaja mkwewe ofisini mbele ya wanaume? Nilimsikia mama mmoja akisema hivyo kisimani nikamwaga ndoo yake. Ngoma ikalia mtaa wa pili usiku kucha, na Bi Somoe akalala na taa imezimwa.

Kesho yake nilimpelekea uji. Nilimkuta amekaa penye mlango wa bafu, anasugua sakafu ambayo haikuwa na uchafu. Nikaona nimfariji, ingawa kufariji si kazi yangu.

"Bi Somoe, usijali watu. Umejitoa kwa ajili ya mkweo, umejivunjia heshima yako ili yeye apate. Wema huo Mungu ameuona."

Aliacha kusugua. Alinitazama kwa yale macho aliyokuwa akinitazama nayo nilipokuwa mwali.

"Wema gani, Farida? Sikusema ili yeye apate. Nilisema ili nisimwogeshe tena."