Lebo Hufungwa Mguuni

Itangazwe kwa walio hai na kwa waliolala, kwa maprofesa, kwa waliohitimu na kwa waliotoroka muhula wa pili, ya kwamba Bahari ya Ncha ya Dunia, pamoja na barafu yake, nyangumi wake na usiku wake wa miezi sita, kwa sasa inaishi katika chumba kimoja nyuma ya hospitali ya zamani, na funguo zake zimo mfukoni mwa mzee mmoja mwenye sweta la kijivu lililotoboka viwiko. Mwenye shida na bahari akamwone. Asisahau kupiga hodi.

Hodi ndiyo iliyompa jina. Mzee Hodi alikitunza chumba hicho miaka kumi na tisa kilipokuwa mochwari, na hakuna siku aliyofungua ule mlango mzito wa bati bila kugonga mara tatu, kusema "Hodi humu," na kusimama kidogo, kichwa kimeinama, kama mgeni anayesikiliza iwapo wenyeji wapo. Hospitali ilipohamia jengo jipya, chuo kikuu kikarithi lile la zamani na vyote vilivyoshikamana nalo: masinki, popo, na Mzee Hodi. Meza za maiti zikatolewa, kuta zikapakwa rangi, yeye akabaki. Hakuna aliyemwambia aondoke, na yeye si mtu wa kuondoka bila kuambiwa.

Basi chuo hicho, katika mji ambao watu hujipepea kwa madaftari tangu saa tatu asubuhi, kikafungua idara ya sayansi ya bahari za ncha za dunia na tabianchi. Tangazo likabandikwa kila ubao, hata ule wa karibu na msalani: nafasi tatu za utafiti wa shahada ya uzamivu, mwombaji awe na shahada ya pili, akili ya kuhoji, na uwezo wa kustahimili baridi kali. Hilo la mwisho liliwapunguza wengi. Waliobaki walisailiwa katika ofisi ambayo feni yake ilikwisha kufa, wakaulizwa habari za barafu huku jasho likidondokea vyeti.

Mmoja wa waliochaguliwa alikuwa binti wa dada yake Mzee Hodi. Wale wengine wawili walipata vyuo vya mbali, wakaaga kwa simu. Akabaki peke yake, na sharti moja: baada ya mwaka na nusu asimame mbele ya jopo. Wakimkubali, atapanda meli ya utafiti akaione barafu yenyewe. Wakimkataa, anafungasha, na nafasi inarudi ubaoni, karibu na msalani.

"Mjomba," alisema siku ya kwanza, amevaa sweta jipya la buluu alilofumiwa na mama yake kwa ajili ya kazi hiyo, "nasikia wewe ndiye bosi wangu."

"Mimi bosi wa mlango tu," akajibu mjomba. "Na mlango wenyewe mgonjwa. Mpira wake umelika. Nimeshaandika barua mbili."

Sasa bahari. Ilikuja kwa lori la friji: mabomba tisa ya plastiki, kila moja urefu wa mtu, yamejaa matope yaliyochimbuliwa kwenye sakafu ya bahari chini ya barafu. Matope hayo hutua polepole mno, tabaka juu ya tabaka, ya jana juu na ya kale chini, hata bomba moja likabeba miaka elfu ishirini. Yanatakiwa kulala kwenye nyuzi joto nne, zisipungue, zisizidi. Nyuzi nne ndizo walizolalia wateja wa zamani wa Mzee Hodi. Alipoambiwa hivyo alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Kumbe ni walewale," akasema, akatia saini.

Siku hiyo Profesa, mkuu wa idara, alikuwa kwenye warsha. Kwa hiyo mzee aliwapokea wageni peke yake, akawavua makaratasi ya safari, akawalaza kama alivyofundishwa ujanani: miguu mlangoni, nafasi ya kiganja kati ya mmoja na mwenzake, lebo ikisomeka bila kumgusa mtu.

Mpwa wake akaanza kazi. Kila asubuhi alisimama nyuma ya mjomba akisubiri hodi iishe.

"Mjomba, unasubiri nini hapo?"

"Nasubiri nisijibiwe."

Alicheka mwanzoni. Kisha akawa anafungiwa ndani saa mbili mbili, na kicheko kikapungua. Mlango ulipojifunga nyuma yake ulitoa pumzi ndefu, kama mtu aliyekata tamaa. Taa ilinguruma. Alipofunua bomba, harufu ya yai viza ilipanda, harufu ya kitu kilichokuwa hai chini ya giza. Naye alipoinama na kijiko chake kidogo kuchota matope, bomba la nyuma yake lilisema: tk. Halafu la pembeni: tk, tk. Akigeuka, yote yametulia, tisa kwa safu, yamenyooka.

"Ni gesi tu, inasukuma vifuniko," alimwambia mjomba, kwa sauti ya mtu anayejiambia mwenyewe.

"Ndiyo," akasema mjomba. "Hata wale wengine madaktari walisema ni gesi."

Mwezi wa kumi na nne ndipo alipokiona. Alikuwa amefika mwisho kabisa wa bomba la kwanza, upande wa ukutani, mbali na lebo. Kwa wanasayansi wale, upande wenye lebo ndio juu, ndio leo. Kwa hiyo upande wa ukutani ni miaka elfu ishirini iliyopita, kabla ya kijiji cha kwanza na shamba la kwanza. Akaweka matope chini ya hadubini. Katikati ya visimbi, makombe ya vijidudu vya baharini, vidogo kuliko punje ya chumvi, kilikuwepo kipande cha uzi wa plastiki, wa buluu kama wa nguo, chembamba kama kope.

Profesa alikitazama, kisha akalitazama sweta.

"Binti yangu, umeugundua ustaarabu wa mama yako."

Aliona haya. Kesho yake akaja na sweta jeupe, nywele amezifunga kitambaa cheupe, akafungua bomba la pili. Mwisho kabisa, ukutani: buluu. La tatu: buluu, na kingine chekundu. Yote tisa. Katika kila bomba, mahali ambapo dunia ilikuwa bado haijamzaa mfumaji, mtu alikuwa amepita na nguo yake. Sampuli za kupima umri zilikuwa zimekwama forodhani tangu mwezi wa tano, kwa hiyo hapakuwa na wa kumtetea.

Ubaya wa jambo la namna hiyo ni kwamba haliachi kichwa kitulie. Akaanza kumwona huyo mtu wa kale, si kwa macho, bali kwa shingo: amesimama nyuma yake kule ukutani, nguo yake imelowa maji ya chumvi, anasubiri amalize. Siku moja asubuhi, mjomba alipogonga mara tatu, ndani kikagonga kitu mara moja. Tk. Mzee akatia ufunguo kama kawaida. Binti akabaki nje mpaka jua likamchoma.

"Ama wewe ni mchafu, ama ni mwongo," Profesa akamwambia. "Jopo linakaa Alhamisi. Sitaki kusikia habari za watu wa kale wenye nailoni."

Jumatano mchana alikwenda kule chumbani kukusanya vitu vyake. Mjomba alimkuta ameketi juu ya ndoo, analia kimyakimya, mvuke ukimtoka mdomoni.

"Mjomba, niambie ukweli. Miaka yote hii, hujawahi kuona mtu humu?"

"Watu nimeona wengi, mama. Anayetembea, hapana." Akatazama safu yake kwa fahari. "Kwangu kila mtu amelala vizuri. Miguu mlangoni. Lebo mguuni."

Binti alifuta pua. Akatazama lebo tisa, zote zimefungwa kwa waya upande wa mlangoni. Kisha taratibu akauliza, "Miguu ya nani?"

"Ya hawa. Walikuja wamekosewa, masikini. Karatasi zao zilikuwa na mshale umeandikwa 'juu', na lebo zimefungwa hukohuko juu. Yaani kichwani! Wapi umeona marehemu akafungwa lebo kichwani? Nikajua waliowaandaa ni vijana wa mafunzo. Karatasi nikachoma, nikatoboa upande wa pili kwa msumari wa moto, lebo nikazishusha mguuni. Kazi ya siku nzima. Hakuna hata aliyesema asante."

Binti alisimama, akaenda hadi ukutani, akainama kwenye kifuniko cha bomba la kwanza. Palikuwa na tundu moja dogo, safi, la kiwandani, tupu. Akarudi mlangoni. Tundu la huko lilikuwa limeungua kingo.

"Mjomba," akasema, "umewageuza."

Mzee akaketi kwenye ndoo ileile. Miaka kumi na tisa hakuwahi kumkosea maiti hata mmoja, hakuwahi kuwakabidhi ndugu marehemu asiye wao. Sasa amelaza bahari nzima kichwa chini.

"Nikisema, watanitoa humu," akasema.

"Usiposema, watanitoa mimi."

Akafikiri. "Basi kanawe uso. Kesho twende wote."

Alhamisi saa nne jopo lilikaa, watu watano na chupa tano za maji. Mlango ukagongwa mara tatu. "Hodi humu."

"Karibu," wakasema wa ndani.

Mzee Hodi karibu adondoshe vifuniko alivyobeba. Tangu aanze kazi ya kugonga milango hajawahi kukaribishwa.

Aliingia, akaviweka mezani, vyenye tundu safi huku, vyenye tundu la kuungua huku, akaeleza yote kuanzia mshale hadi msumari, bila kujitetea ila mara moja: "Kwa upande wangu, juu ni kichwa." Mtu mmoja alianza kucheka, akaacha. Profesa aliuchukua mchoro wa matabaka aliouandaa binti, akaugeuza chini juu, na chumba kikapoa kana kwamba mlango wa bati umefunguliwa humo.

Maana sasa ulisomeka. Kutoka chini, miaka maelfu, visimbi vya wadudu wa barafu vimejaa, tele, tabaka kwa tabaka. Vinapanda, vinapanda. Halafu karibu kabisa na juu, upana wa kidole, vinapungua, vinakuwa vyembamba, vinakwisha. Na pale vinapokwisha ndipo unapoanza uzi wa buluu. Mtu aliyekuwa akisimama nyuma yake hakuwa wa kale. Ni jirani. Ni yeyote aliyefua nguo wiki hii, maji yake yakashuka baharini.

Hakuna aliyekunywa maji. Mwishowe mwenyekiti aliandika kwenye karatasi yake, akamwambia binti atafute koti la kweli, si sweta, kwa kuwa meli huondoka mwezi wa kumi na moja. Kuhusu Mzee Hodi, jopo lilitaka kumchukulia hatua, likatafuta faili lake, na likagundua kwamba chuo hakikuwahi kumwajiri.

Profesa, ambaye kwa kawaida hana muda na watu wa funguo, alimsindikiza hadi nje. Alikuwa amepauka. Alisimama mbele ya ule mlango wa bati, akashusha sauti kama aliye msibani.

"Mzee wangu. Umekaa na wafu wa watu, sasa umekaa na wafu wa bahari. Wewe peke yako umewasikiliza wote. Hebu niambie, wanatuambia nini?"

Mzee Hodi alifikiri kwa heshima zote.

"Mpira wa mlango umelika," akasema. "Nimeandika barua tatu."