Ngoma Iliyowambwa Daftarini

Siku ya kwanza ya kazi yangu ya uweka hazina nilikabidhiwa daftari, kitabu cha stakabadhi na muhuri uliofungwa raba kwenye mpini. Aliyenikabidhi ni Katibu, mwalimu aliyehamishiwa Nachingwea, mpiga kinanda wa kwaya. Chama chetu kiliwaunganisha wanamuziki wa Nachingwea na Ruangwa, wa dansi, wa kwaya, wa kaswida na wapiga ngoma wa vijijini. Faida hatugawani. Ada zetu zinanunua vyombo na kumsaidia mwanachama akiumwa.

"Mama Zuhura," Katibu akaniambia, "ukikosea usifute. Piga mstari mmoja, kosa liendelee kusomeka, uandike sahihi pembeni."

Nilishafundishwa hivyo kwenye masomo ya jioni, nilikokwenda nikiwa mama wa watoto watatu. Pia nilijua hati ya malipo, yaani karatasi inayoonyesha nani kalipwa, kwa kazi gani na nani kakubali. Kila mwaka, korosho zikishauzwa na watu wana nauli, tulikutana, nikasoma daftari lote kwa sauti. Wazee wetu wengi hawasomi, na wengine Kiswahili chenyewe wanakisikia polepole kuliko Kimwera. Walioniambia nibandike tu karatasi ukutani niliwakatalia. Hela ni ya wote, basi wote wasikie.

Mwaka wa nne Mwenyekiti, mfanyabiashara wa ufuta aliyewahi kupiga gitaa, aliniita kwake. Nikamkuta na Mzee Salumu wa kijiji cha Lionja, mpiga ngoma wetu mkubwa. Mzee alikuwa na busha, ule uvimbe wa sehemu za siri ambao wanaume wa huku wakiumwa huuficha. Hospitali walikubali kumpasua, hela hana. Ngoma hakuweza tena kuibana mapajani, akawa anasingizia kiuno.

"Mwanangu," akaniambia bila kunitazama, "nifiche. Wakijua, nitapigaje ngoma mbele ya wanawake?"

"Hela itoke leo," Mwenyekiti akasema. "Andika chochote, Mama Zuhura, ila hilo neno lisionekane."

Kumsitiri mtu kwangu ni ibada. Nikaandika: kuwamba ngoma kubwa, yaani kuivua ngozi ya zamani na kuivalisha mpya. Mzee akapasuliwa, akapona, na mimi nikamshukuru Mungu.

Mkutano wa mwaka ule ulikuwa Ruangwa. Nilipofika kwenye mstari ule, wapiga ngoma waliokuwa wanapiga soga nyuma wakanyamaza. Sikuwa nimefikiria kwamba nawasomea watu wanaoijua kila ngoma kwa sikio.

"Soma tena hapo, dada," akasema Hassani, mpiga ngoma wa Ruangwa.

Nikasoma.

Ngoma yenyewe, ile kubwa ya chama, ilikuwa nje, inapashwa moto kwa ajili ya burudani ya baadaye. Hassani akaiendea, akaipiga kofi moja. Ikakoroma, kama ngozi iliyochakaa.

"Hii inakoroma tangu sijaoa," akasema. "Imewambwa kwa ngozi gani, ya upepo?"

Watu wakacheka. Mama mmoja wa kaswida akadakia, "Na mtandio huo mpya, shoga, nao umewambwa lini?"

Nilimtazama Mwenyekiti, akatazama viatu vyake. Katibu akaninong'oneza, "Sema, mama." Sentensi moja tu ingenisafisha. Nikasema, "Hela niliitoa mimi. Sina la kuongeza."

"Basi atoke!" Hassani akasema, na wengi wakaitikia.

Ndipo Mzee Salumu akasimama, anashikilia kiti cha mbele yake. "Mwacheni. Hiyo hela nilipewa mimi. Nilikuwa na busha, nimepasuliwa."

Mmoja huko nyuma akashindwa kujizuia, akacheka, na wengine wakafuata. Mzee akavaa kofia yake, akatoka. Nilimkimbilia hadi barabarani.

"Nisamehe, baba."

"Mwanangu, nilikuomba unifiche. Sikukuomba uongope. Ungeandika mgonjwa katibiwa, nani angeuliza?"

Jina ningeweza kuliacha na kazi ya hela nikaitaja ilivyo. Mimi nilibadilisha kazi, na hilo ndilo lililomvua nguo mbele za watu.

Wanachama walinibakiza. Tangu hapo matibabu yanasomwa kama matibabu, jina halitajwi, na hati zenye majina zinakaguliwa na watu watatu waliochaguliwa na mkutano. Mzee hakupiga tena. Hassani alikwenda Lionja mara mbili kumwomba radhi, akakaribishwa mihogo na karanga, lakini ngoma haikutajwa. Baadaye tuliiwamba kweli. Hassani akaibeba kwenye pikipiki, akaipiga uani kwa Mzee. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ngozi nzuri," akaingia ndani. Mwaka uliofuata tulimzika.

Sijafika uzeeni, lakini mwaka huu niliomba kupumzika. Niliyemkabidhi ni binti wa kwaya, ana simu inayopiga hesabu yenyewe. Akafungua daftari, akakutana na maneno "kuwamba ngoma kubwa" yenye mstari mmoja juu yake, na pembeni, kwa mkono wangu, "matibabu ya mwanachama."

"Mama, mbona ukurasa huu hukuuchana?"

Nilimwambia avute kiti, aanze kusoma hapo hapo, kwa sauti.