Mlima Aliopanda Mama Mkwe Mara Nne

Hebu mwone kwanza anavyofika. Kompyuta iko kwapani, imeviringishwa taulo la kuogea kama mtoto aliyetoka majini, na waya unaning'inia nyuma kama mkia. Mafundi wenzake huingia gereji na spana. Yeye huingia na taulo. Wakamwita Mistari, kwa sababu gari likiugua hakimbilii boneti, husoma mistari kwenye skrini.

Wacheke wanavyotaka, kazi yake ni ya kweli. Gari ambalo petroli yake hunyunyizwa na nozeli lina kompyuta yake lenyewe, na ndani yake mna jedwali la visanduku: injini ikizunguka kasi hii, mguu ukikanyaga hivi, nyunyiza kiasi hiki. Mistari hufunga kidude kinachorekodi safari nzima, na kingine cha kunusa moshi kwenye ekzosi, kisha hurekebisha kisanduku kimoja kimoja.

Basi siku moja akaletewa gari la mama mkwe wake. Likikohoa. Na mama alishasema wazi: likikohoa tena baada ya hapo, atampa mkwe wake mwingine, yule mvaa tai, aling'oe kompyuta alifungie kabureta ya kizamani. Mvaa tai huyo ni mwanyumba wake Mistari, na tangu harusini hajaacha kumwita fundi wa kuandika.

Mama aliendesha, Mistari pembeni na kompyuta magotini. Wakaenda kama waliobeba mayai. Visanduku vya mwendo wa chini vikajaa vizuri. Vya juu vikabaki vitupu, akavikisia tu. Angefanyaje? Mtu hamwambii mama mkwe akanyage.

Baada ya siku mbili gari likakohoa.

"Na mimi huendesha polepole, baba," mama akasema, macho yakitazama ukuta.

Mistari akaomba kidude kikae chini ya kiti wiki moja, na kile cha moshi kibaki kwenye ekzosi. Hakumficha, alimweleza kwamba kitarekodi kila kitu. Lakini wewe unajua binadamu: adabu ya kuangaliwa haimalizi siku tatu. Siku ya kwanza mistari ilikuwa tambarare. Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, saa kumi na dakika ishirini alasiri, mstari ukasimama wima kama mnazi. Mguu mpaka chini, injini ikilia, kwenye mlima wa nyuma ya tangi la maji. Gari likakohoa, likashuka, likageuzwa, likapanda tena. Mara nne.

Mkewe Mistari, aliyekuwa akichungulia begani, alicheka mpaka akakaa chini. Huyu ndiye mama aliyemkataza baiskeli?

Mistari akavuta kompyuta karibu. Alichokosa kilikuwa mbele yake: kila gari lilipokata pumzi mlimani, moshi ulionyesha hewa nyingi, petroli kidogo. Akaongeza kidogo kidogo kwenye visanduku vile vya juu, akafunga kompyuta kwenye taulo lake.

Siku ya kuchukua gari, mama alikuja na mvaa tai. Huyo akauliza kwa sauti ya kusikika gereji nzima ugonjwa ulikuwa nini.

"Lilikuwa linanyimwa petroli kwenye mwendo wa juu," Mistari akajibu, akitazama viatu vyake.

"Mwendo wa juu? Sasa gari la mama nani analipeleka mwendo wa juu?"

Aliyekuwa akigonga rimu akaacha. Mistari akafuta skrini ambayo haikuwa na vumbi.

Mama akachukua ufunguo mezani. "Panda, baba," akamwambia mvaa tai. "Na ufunge mkanda."

Walirudi baada ya robo saa. Gari halikukohoa hata mara moja. Mvaa tai alishuka polepole, tai ikiwa mgongoni, akaomba maji. Habari ya kabureta hakuitaja tena, na mama akaondoka na gari lake na kompyuta yake.

Ila kidude kilikuwa bado chini ya kiti safari ile, na Mistari alikitoa mama alipokuwa akiaga. Kadi yake ya kumbukumbu iko mfukoni mwa shati, haijafunguliwa, na mkewe anambembeleza kila asubuhi aifungue. Ungekuwa wewe, ungeifungua?