Nyimbo Zisizo na Ngoma

Mzee Andati wa Buyangu alipiga ngoma ya Jeshi la Wokovu tangu akiwa kijana wa kaptura mpaka magoti yalipoanza kumgomea. Si ngoma ndogo. Ilikuwa ile kubwa ya kuning'inizwa kifuani, ambayo ikipita barabarani hata nyani wa msituni walihama mti. Aliipiga harusini, akaipiga mazishini, na mkewe Zilpah alipofariki aliipiga mwenyewe mbele ya jeneza, kwa sababu hakumwamini mtu mwingine na mdundo wa siku hiyo. Baadaye aliirudisha kanisani akasema mikono imechoka. Mikono haikuwa imechoka. Alikuwa na huzuni, basi.

Kwa hiyo ni kichekesho kidogo kwamba mtu huyo aliishia kupenda nyimbo zisizo na ngoma hata moja.

Mambo yalianza na presha. Muuguzi wa zahanati alimpima, akatikisa kichwa, akamwambia atenge muda kila siku wa kukaa kimya na kutuliza mawazo. Andati nusura amcheke. Kimya ndicho kitu pekee kilichokuwa kimejaa nyumbani kwake, kuanzia jikoni hadi uvunguni. Watoto walikuwa mbali na kazi zao, na jamaa waliofurika uani wakati wa matanga walisharudi kwao na masufuria yao. Mwenye kovu usidhani kapoa, lakini nani ana nafasi ya kuchungulia kovu la mwenzake msimu wa kupalilia?

Binti yake Lynette, anayefanya kazi Nakuru, alipopata habari alikuja Krismasi na redio ndogo ya kuingiza memori kadi. Kwenye kadi alikuwa ameweka nyimbo za watawa wa Kikatoliki, wanaume peke yao, wakiimba Kilatini kwa sauti moja bila kinanda wala makofi. Alisema yeye mwenyewe huzisikiliza akitoka kazini, roho ikatulia. Kisha akarudi Nakuru.

Siku za kwanza Andati aliwaonea watawa huruma. Aliona wamekosa mpigaji. Kiganja chake kiliutafuta mdundo gotini, kikaukosa, kikabaki kimeinuka hewani. Halafu alasiri moja akagundua kwamba wale watu huvuta pumzi pamoja. Ukitega sikio unaisikia kabisa pumzi yao kabla ya mstari kuanza. Akaanza kuvuta nao na kutoa nao. Mabega yakashuka, kifua kikalegea, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu hakuwaza lolote. Kulikuwa na jambo jingine pia, ambalo hakumwambia muuguzi wala Lynette: zile pumzi zilimfanya ahisi kuna watu ndani ya nyumba.

Basi ikawa kila alasiri anaketi kwenye kiti cha Zilpah na kuwasha watawa wake.

Siku moja mvua ilipiga mabati kwa fujo, hata hakuwasikia. Akaifungulia redio hadi mwisho. Akavuta pumzi, akatoa, akavuta, usingizi ukamchukua pale pale kitini. Mvua ikakatika, watawa wakabaki wakiimba kwa nguvu zao zote, na sauti ikavuka ua.

Upande wa pili wa ua aliishi Navalayo, mjane mwenye wajukuu wengi na shamba lisilokwisha magugu. Andati humwita Mama Griffin, kwa jina la kifungua mimba wake. Navalayo alisimama katikati ya mahindi akasikiliza. Wanaume wengi, wanaimba taratibu, bila ngoma, tena kwa mpiga ngoma. Kwa watu wa pale hilo halina tafsiri mbili. Ikiwa kwa mpigaji kunaimbwa bila ngoma, basi mpigaji ndiye aliyelala. Navalayo alitupa jembe akapiga nduru.

Andati aliamshwa na kilio. Alipotoka mlangoni na fulana yake ya ndani, alikuta ua umejaa wanawake wenye kuni vichwani, wanaume wamebeba viti, unga umefika, na kuku mmoja, ingokho wa matanga, amelala chini, miguu imefungwa. Mama mmoja alimwona maiti akipiga miayo, akaangusha kuni na kukimbia mpaka barabarani. Mzee Wesley wa kanisani hakukimbia, ila alirudi nyuma kidogo kwa heshima.

Mambo yalipoeleweka walicheka hadi wakakaa chini. Na kwa kuwa kuni zilishafika, na kuku akishaletwa matanga harudi nyumbani, moto ukawashwa. Obusuma, ule ugali wao, ikasongwa katika sufuria ya Zilpah, ambayo haikuwa imeguswa tangu mwenyewe aondoke. Mzee Wesley alitaka kujua kama Andati amehama dini. Andati alijibu kwamba ile ni dawa ya presha tu, na kwamba hata Wesley humeza panadol bila kuiuliza dhehebu lake. Wakala, wakasimuliana, watoto wakakimbizana uani. Andati alifurahi. Alifurahi mpaka akaona haya, maana karamu yenyewe ilikuwa ya kifo chake.

Walipokuwa wakiaga, Navalayo alimgeukia.

"Baba Lynette, sasa tumejua. Hawa watu wako wakiwa wanaimba, tunajua uko mzima. Siku wakinyamaza, hiyo ndiyo siku tutakuja."

Wote wakasema ni neno zuri. Andati naye akaitikia, kwa kuwa lilisemwa kwa upendo, naye alikuwa ameshiba.

Shida ya neno hilo aliiona baadaye. Watawa waliimba kila alasiri, na kila alasiri hakuna aliyekuja. Aliokutana nao njiani walimsalimu kwa furaha, wakamwambia jana walimsikia, wakaendelea na safari. Navalayo akipita na kikapu cha sokoni alielekeza sikio kwenye ua, akaridhika, akaongeza mwendo. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, ndivyo tunavyosema, ila hakuna aliyetuonya kuhusu jirani anayetosheka na kukusikia. Hata dawa ilianza kuisha nguvu. Andati alivuta pumzi na watawa, lakini masikio yake yalikuwa langoni.

Alasiri moja hakuwasha redio.

Aliketi, mikono magotini. Mvua ilikuja ikaenda. Matone yalidondoka kutoka kwenye mabati, na kimya kile cha zamani kikarudi kikakaa mahali pake bila kukaribishwa. Aliogopa. Hakuogopa kufa. Aliogopa kwamba giza litaingia, kesho itafika, na hakuna atakayetambua.

Kisha akasikia miguu. Navalayo aliingia uani mbio, matope hadi magotini, kitambaa kimemvuka kichwani. Alipomwona mzee ameketi mlangoni, alishika nguzo na kuhema.

"Baba Lynette. Kwa nini wamenyamaza?"

Andati alikuwa na jibu. Alilipanga alasiri nzima: nilitaka tu uje. Maneno matatu, hata mtoto angeyasema. Yalifika kooni, yakamwona yule mama anavyotetemeka, yakaona haya.

"Betri imeisha," akasema.

Navalayo alimkaripia kidogo, kwamba karibu amuue yeye. Andati alimwomba akae, chai ipo njiani. Alikataa, wajukuu walikuwa peke yao na moto. Akaondoka haraka, na Andati akajua ameipoteza nafasi. Lakini punde si punde alirejea, kiganjani ana betri ya simu yake ya zamani.

"Inaingia kwa redio kama hiyo. Moja ikiwa kwa chaji, nyingine inakuwanga ndani. Hawatanyamaza tena."

Alisimama pale akingoja, kwa hiyo Andati ilibidi aitoe betri iliyojaa na kuweka nyingine. Watawa wakavuta pumzi, wakaanza. Uso wa Navalayo ukalegea, mabega yake yakashuka. Akaaga, akapita penye ua, akachungulia wajukuu, akaokota jembe lake.

Andati alimshukuru wakati alishafika mbali. Kisha akaketi, sauti ameiacha juu ili ifike ng'ambo, na kule kati ya mahindi Navalayo akapalilia hadi jua likazama, roho yake imetulia.